Bibi, moshi na ng'ombe 8 wa baba mdogo

Najua nimewatupa. Kazi hii ya habari ukiwa bado unatafuta jina ni ya kukimbizana na misafara ya wakubwa kutwa nzima, na ukirudi chumbani hata kuwasha kompyuta unaona uvivu. Lakini leo nimekaa, chai iko mezani, na jambo lenyewe limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Wiki iliyopita nilituma habari kutoka upande wa Geita. Bibi mmoja, kikongwe, alivamiwa usiku nyumbani kwake akakatwa mapanga. Niliandika maneno 300. Mhariri akayakata yakabaki 90, yaani umri wa marehemu, kauli ya polisi, na ule mstari tunaoujua wote kama tunavyojua Baba Yetu: "tukio hilo linahusishwa na imani za kishirikina." Sentensi iliyoniuma kuondolewa ni moja tu. Ilisema kwamba mwezi uliotangulia, ng'ombe wanne wa mpwa wa marehemu walikuwa wamekufa.

Nilimpigia mhariri. Akanijibu kwa upole tu, maana si mtu mbaya: "Sasa mdogo wangu, ng'ombe wanahusikaje hapa?"

Nilitaka kumjibu pale pale nikashindwa. Jibu ni refu, na linaanzia nyumbani kwetu. Ndiyo maana naliweka hapa kijiweni kwangu, ambako hakuna wa kunikata maneno.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Nimezaliwa mjini, baba yangu alikuwa mtumishi, lakini likizo zote nilipelekwa kijijini kwa bibi mzaa baba. Kule ng'ombe ndiye benki. Ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye faini ukikosea na ndiye nyama ya msiba ukifa. Mtu mwenye nyumba ya bati na asiye na ng'ombe ni maskini tu, na mwenye ng'ombe 100 akilala kwenye nyumba ya nyasi ni tajiri, kila mtu anajua. Kwa hiyo ng'ombe akifa kijijini, ni kama mtu wa mjini aambiwe benki yake imeungua na hakuna bima.

Ndiyo maana ng'ombe walikuwa na miiko yao. Tulikatazwa kuwahesabu kwa kuwanyooshea kidole. Tulikatazwa kusifia ndama wa watu kwa sauti, "jamani kanenepa!", halafu ukaondoka hivi hivi. Siku baba mdogo alipoleta ng'ombe wapya, bibi ndiye aliyemwita mzee mmoja aje kulifunga zizi. Ile dawa ya kinga kwetu inaitwa lukago. Mzee alichimbia vitu vyake mlangoni mwa zizi, akanyunyiza maji ya dawa kwa usinga, kisha ng'ombe mmoja mmoja wakapitishwa juu ya pale palipochimbiwa. Bibi alisimama pembeni ameshika kiuno, ameridhika kabisa. Naomba mkumbuke hilo, nitalirudia mbele. Bibi mwenyewe ndiye aliyeita dawa.

Hiyo ilikuwa mwaka 2006. Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa ametoka machimboni Nyarugusu, kule Geita, ambako alikaa miaka miwili akishuka kwenye maduara. Wengi hurudi kule na kikohozi tu. Yeye alirudi na hela. Akaenda mnadani akanunua ng'ombe 11, wengi wao wakiwa wametoka upande wa Meatu kwenye ukavu, akawaleta kwenye kaya ya mama yake. Mwaka ule ulianza na ukame mkali ambao watu wa umri wangu wanaukumbuka. Mvua ziliporudi mwishoni mwa mwaka zilirudi kwa hasira, majani yakaota hadi magotini, na kila mtu akasema baba mdogo ana bahati.

Nilikuwa na miaka 8, niko likizo ya Desemba. Nakumbuka ng'ombe wa kwanza alikuwa dume jekundu. Asubuhi alikataa kutoka zizini. Mchana alikuwa akihema kama mtu aliyekimbia, povu jeupe linamtoka puani. Siku ya tatu au ya nne akalala, hakuinuka tena. Wiki hiyo hiyo akafuata jike. Halafu wawili kwa siku moja! Kabla Krismasi haijafika walikuwa wamekufa 8.

Kaya ilinyamaza. Wageni waliacha kupita. Usiku wanaume walikaa shikome, ule moto wa mavi ya ng'ombe unaowashwa uani, wakawa wanaongea chini chini na kunyamaza watoto tukikaribia.

Hapa sasa ndipo ninapotakiwa kukiri.

Usiku mmoja niliamka kwenda haja ndogo nikamwona bibi zizini peke yake. Alikuwa ameshika uzio, anaongea. Asubuhi nikawasimulia watoto wa baba mdogo, tena kwa madoido, maana mtoto wa mjini lazima awe na hadithi. Nikasema bibi alikuwa anaongea na ng'ombe gizani na macho yake yanawaka. Macho kuwaka niliongeza mimi. Hayakuwaka. Yalikuwa mekundu, ndiyo, lakini yalikuwa mekundu usiku na mchana, siku zote nilizomjua. Hadithi ikatoka kwa watoto ikaenda kwa mama yao, ikatoka kwa mama yao ikaenda kwa baba yao. Naweza kusema hiyo ndiyo habari yangu ya kwanza kusambaa, na sikuithibitisha.

Baba mdogo akasafiri. Alirudi Geita, safari hii kwa mganga aliyesifiwa sana na wachimbaji. Kwetu wapo waganga wa kila namna, na wengi ni watu wa mitishamba wanaotibu homa na tumbo. Huyu alikuwa wa ramli. Ramli ya Wasukuma inayojulikana zaidi ni ya kuku. Mwenye shida anakitemea mate kifaranga, kinapasuliwa, na mganga anasoma madoa kwenye mabawa na ndani ya tumbo kama daktari anavyosoma picha ya eksirei. Baba mdogo aliporudi hakusema alichoambiwa. Alikaa siku mbili bila kumwamkia mama yake. Kwa Msukuma, kutomwambia mama yako "mwangaluka" asubuhi ni tangazo kubwa kuliko la redio.

Mke wake ndiye aliyempigia baba simu. Baba alifika Ijumaa na gari la kuazima, na ndani ya gari alikuwa na mtu mwingine, bwana mifugo aliyemjua mjini. Bwana mifugo yule alikuwa mfupi, mchangamfu, na koti lake jeupe lilikuwa limechakaa. Alikwenda kwa ng'ombe watatu waliobaki, ambao mmoja alikuwa tayari anahema. Akamshika chini ya masikio akatuonyesha matezi yaliyovimba kama limau. Akafunua sikio lenyewe. Kupe walikuwa wamepangana humo kama mbegu za papai.

"Hii ni ndigana kali," akasema.

"Nani kaileta?" baba mdogo akauliza.

"Kupe."

"Kupe wako kila mwaka. Kwa nini kwangu? Kwa nini sasa?"

Swali la baba mdogo lilikuwa swali zuri, jamani. Watu wanaocheka ushirikina hawalielewi. Anayelia hajauliza ugonjwa unaitwaje. Anauliza kwa nini umemchagua yeye. Na kwa bahati, bwana mifugo yule hakumcheka. Alikaa chini kwenye jiwe akamweleza. Ng'ombe aliyekulia kwenye kupe wengi, akiugua ndamani akapona, mwili wake unazoea. Ng'ombe hawa walitoka kwenye ukavu, kupe ni wachache, miili yao haijawahi kukutana na kitu hiki. Mvua imenyesha sana, kupe wamezaliana sana. Na josho la kijiji, lile la saruji karibu na shule, lilikuwa limekauka miaka mingi, watoto tulikuwa tunacheza humo kujificha. Majosho mengi nchini yalikufa hivyo hivyo, baada ya ruzuku za serikali kupungua tangu miaka ya 1980 na 1990. "Ungeninunulia hata dawa ya kuogeshea ya chupa moja," bwana mifugo akasema, "ungekuwa na ng'ombe wako."

Aliyekuwa anahema alichomwa sindano. Sijui kama alipona, kwa sababu jioni ile ile baba alipakia gari. Alinipakia mimi, akampakia na bibi na kigoda chake na mbuzi mmoja. Majirani waliambiwa bibi anakwenda mjini kutibiwa macho.

Na kweli macho yalitibika! Hapa ndipo panaponishangaza hadi leo. Hatukumpeleka kwa bingwa yeyote. Mama alimnunulia dawa ya matone hospitalini, ya kawaida. Lakini miezi ilivyopita, bibi akipikiwa kwa mkaa kwenye uwanja wa nje, macho yakaanza kurudi. Hayakuwa meupe kama ya mtoto, lakini yale mekundu ya damu yalikwisha. Siku moja mama akasema kwa mshangao: "Kumbe ilikuwa moshi tu."

Kumbe moshi tu. Lakini huo moshi una historia, na nimekuja kuisoma ukubwani.

Nyumba ya bibi kijijini ilikuwa ya udongo, jiko liko ndani, dirisha moja la ukubwa wa daftari. Alipika humo zaidi ya miaka 50. Kuni hazikuwepo. Alipikia mabua ya pamba, na yakiisha, mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ambayo sisi watoto tulitumwa kuokota malishoni. Mavi ya ng'ombe yana moshi mzito unaouma. Wanaume nao wanayawasha shikome, lakini wako uani, upepo unachukua. Mwanamke yuko ndani, ameinama juu yake.

Kwa nini kuni hazikuwepo? Kwa sababu ya ng'ombe! Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliona mbung'o wanawafukuza watu na mifugo Usukumani. Mtaalamu wao, Charles Swynnerton, akafanya Shinyanga kuwa uwanja wa majaribio. Mbung'o anapenda kichaka, basi ondoa kichaka. Watu wakakusanywa kwa maelfu kufyeka. Mbung'o akapungua, ng'ombe akaongezeka, mashamba ya pamba yakasambaa, na miti ikaendelea kuondoka. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania. Ndipo mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Uzuri wake ni kwamba haukuja na kitu kigeni. Uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili yao, yaani lile eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wale wakati wa kiangazi. Ukifunga ngitili majani yanapona, na miti nayo inapona. Mamia ya maelfu ya hekta zilirudi kuwa kijani.

Kwa hiyo fuatana nami taratibu. Vichaka vilifyekwa ili ng'ombe aishi. Vichaka vilipokwisha, mwanamke akapikia mavi ya ng'ombe. Moshi wa mavi ya ng'ombe ukamwekundisha macho. Na ng'ombe alipokufa, yale macho mekundu yakawa ushahidi kwamba yeye ndiye aliyemuua. Nilipoipanga hivyo mara ya kwanza kwenye daftari langu nilifunga daftari nikatoka nje.

Msidhani haya ni ya bibi yangu tu. Serikali ilikusanya takwimu kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilikuwa katika eneo la Wasukuma. Wengine huunganisha ongezeko hilo na Operesheni Vijiji ya 1974, pale watu waliozoea kaya zilizotawanyika walipobananishwa, ukaanza kusikia kikohozi cha jirani na kujua amepika nini. Serikali ilijaribu kwa mkono wa chuma. Katikati ya miaka ya 1970 washukiwa walikamatwa kwa mamia katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakateswa, na baadhi yao wakafia mahabusu. Ilikuwa aibu kubwa. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya makosa ya walio chini yake, na wengi wetu tunamjua kwa hilo kabla ya urais wake wa 1985. Kuna pia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya mkoloni, ambayo bado iko vitabuni. Sheria, mahabusu, kujiuzulu, vyote hivyo, na bado ng'ombe wakifa watu wanatafuta macho mekundu.

Hata Sungusungu wetu, tunaojivunia, wana upande huu. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye maeneo ya Kahama na Tabora kupambana na wezi wa ng'ombe. Mwano ukipigwa, kila mwanaume anatoka na upinde. Walifanikiwa pale polisi waliposhindwa, wizi ukapungua kweli kweli. Lakini siku zile za mwanzo adui wa zizi hakuwa mwizi tu. Alikuwa mwizi na mchawi. Mwizi unaweza kumfuata kwa nyayo. Mchawi utamfuata kwa nini? Ndiyo hivyo tena, wapo vikongwe waliojikuta wanajibu mashtaka ambayo hayana nyayo.

Na kabla msomaji wa mbali hajasema "hao Waafrika", ngoja nimpeleke Uskoti. Nilipokuwa chuo nilikuta kwenye intaneti habari za wakulima wa kule wa zamani, nikadhani nasoma kuhusu kwetu. Walifunga matawi ya mti uitwao rowan kwa uzi mwekundu kwenye mlango wa zizi na kwenye mkia wa ng'ombe ili mchawi asiharibu maziwa. Ugonjwa ukiingia kwenye mifugo walizima mioto yote ya kijiji, wakawasha mmoja mpya kwa kusugua miti, ng'ombe wakapitishwa kwenye moshi wake. Ni lukago hiyo hiyo, mti tu ndio tofauti! Na ng'ombe akikauka maziwa walimwangalia nani? Mwanamke aliyegombana na mwenye ng'ombe juzi. Mwaka 1662 mwanamke aitwaye Isobel Gowdie alikiri mbele ya mahakimu kwamba yeye na wenzake waliiba maziwa ya jirani kwa kusokota kamba na kuipitisha katikati ya miguu ya ng'ombe. Sheria yao ya uchawi ilidumu tangu 1563 hadi 1736, na wanahistoria wanakadiria watu wapatao 2,500 waliuawa, wengi wao wanawake. Tarehe 8 Machi 2022 kiongozi wa serikali ya Uskoti wakati ule, Nicola Sturgeon, aliomba radhi rasmi. Karibu miaka 300 baada ya sheria kufutwa.

Naisoma ile radhi najiuliza, sisi tutasubiri miaka mingapi?

Maana kwetu jambo hili halijawa historia. Mwaka mmoja tu baada ya bibi kuletwa mjini, yaani kuanzia 2007, ilianza ile balaa ya mauaji ya watu wenye ualbino, hasa huku Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Mwanza na Geita. Safari hii waganga wa ramli hawakuuza jina la adui, waliuza bahati, na miongoni mwa waliotajwa kuwa wateja walikuwa wachimbaji wa dhahabu na wavuvi. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alikwenda kwa waganga akijifanya mteja, akaitoa habari hiyo duniani, na alitishiwa maisha hadi akalazimika kujificha. Ndiye aliyenifanya nitake kazi hii. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wilayani Bukombe. Kwa mara ya kwanza mtu alihukumiwa kwa mauaji ya aina hiyo.

Nimekwenda machimboni mara kadhaa nikiwa na kalamu, Nyarugusu na Rwamgasa. Mchimbaji anashuka kwenye duara futi kwa futi bila kipimo chochote cha kumwambia dhahabu iko wapi. Jirani yake hatua kumi pembeni ameipata, yeye anatoa mawe matupu. Anauliza lile lile la baba mdogo. Kwa nini yeye, kwa nini si mimi? Mwenye jibu karibu naye ni mganga. Mtaalamu wa miamba yuko kwenye kampuni kubwa, nyuma ya uzio. Kijijini nako bwana mifugo mmoja ana kata nzima na pikipiki isiyo na mafuta, lakini mganga yuko hapo hapo, usiku na mchana, na anakusikiliza.

Bibi alifariki mwaka 2021, kwa uzee, kitandani kwake, nyumbani kwetu. Siku ya tatu ya msiba baba mdogo aliniita pembeni. Nadhani alijua mimi naandika na alitaka itoke.

"Mganga hakutaja jina," akaniambia. "Aliniuliza tu, nyumbani kwenu yuko mwanamke mwenye macho mekundu anayetembea usiku? Nikasema yuko. Akanyamaza. Baada ya siku mbili vijana wawili wakanifuata nyumbani. Wakasema kazi ni ng'ombe mmoja."

Nikamwuliza alijibu nini.

"Nilikuwa nimebaki na watatu," akasema. "Niliwaambia waje Jumamosi, nitakuwa nimeamua."

Baba alifika Ijumaa.

Tulikaa pale muda mrefu hatuongei. "Anayetembea usiku." Nilijua maneno hayo yalitoka wapi. Nilimwambia. Akatikisa kichwa akasema, "Ulikuwa mtoto, ng'wanawane." Mimi sijui kama hiyo inatosha. Baadaye nilimwuliza baba bibi alikuwa anasema nini zizini usiku ule, akacheka kidogo. Bibi alikuwa na desturi ya kuwaomba masamva, mizimu ya kaya, wawalinde ng'ombe wa mwanawe.

Sasa naomba nimalizie na ukweli mwingine, nisije nikamfanya bibi malaika. Miaka kama mitano baada ya kuhamia mjini, kuku wetu walianza kufa. Shingo zinapinda, kinyesi cha kijani, asubuhi unawakuta wamelala. Bibi akasema mbele yetu sote kwamba ni yule mama wa nyumba ya pili. "Juzi alipita akawaangalia sana." Bibi yangu! Yule yule aliyepakiwa kwenye gari na kigoda chake! Mama wa nyumba ya pili alikuwa mjane, mzee, na hakuwa na mtu.

Baba hakubishana naye kuhusu uchawi. Alikwenda duka la mifugo akarudi na kichupa kidogo. Akamkalisha bibi kwenye kigoda, akampa kuku waliobaki mmoja mmoja awashike, naye akawadondoshea tone moja moja jichoni. Chanjo ya mdondo. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wagonjwa hawakupona, lakini wale ambao ugonjwa haukuwa umewafikia waliishi, na vifaranga vilivyofuata viliishi. Tangu hapo bibi ndiye aliyekuwa anatukumbusha tarehe. Hakusema tena habari za yule mama. Baada ya mwaka nikamkuta kapeleka mayai kwake, kichupa cha dawa mkononi, anataka kuwachanja na wa kwake.

Hakuacha kuamini. Hadi anafariki alisema uchawi upo. Lakini kuku walikuwa wamepata jina la ugonjwa wao, kwa hiyo hawakuhitaji jina la mtu.

Basi, mhariri wangu, kama unapita hapa, ng'ombe wanahusika hivyo. Kesho nakwenda tena kule kijijini kwa yule mpwa wa marehemu. Sitamwuliza anaamini nini. Nitamwuliza wale ng'ombe wanne walihema au walivimba, walitoka povu au damu, walinunuliwa wapi, josho liko wapi na lilikauka mwaka gani, na nani alikuwa wa kwanza kuitwa, bwana mifugo au mganga. Majibu yake nitayaandika yote. Ukiyakata, nitayaleta hapa.

Niishie hapo kwa leo. Kama una bibi kijijini anayepikia ndani, mwone kabla ya Krismasi, na ukiweza mfanyie jiko la nje. Na ng'ombe wa nyumbani kwenu waogeshwe.

Siku njema.